Roboti Kabla ya Chuma

Mwaka 2015, roboti moja ya kuongoza magari jijini Kinshasa ilikuwa na bei ya dola 27,500. Wasikilizaji wengi wanazikumbuka roboti hizo: miili ya alumini iliyompita mtu kwa urefu, taa nyekundu na za kijani, kamera za kutazama magari na paneli za jua za kuzipa umeme. Zilibuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake wa chama chao cha Women Technologies. Mbili za kwanza zilisimama barabarani mwaka 2013, na Machi 2015 zikaongezwa tatu zilizopewa majina: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Waandishi wa habari wa dunia nzima walikuja kuzipiga picha. Kwa kijana wa Lubumbashi anayesoma ufundi, hata hivyo, ile bei ndiyo inayobaki kichwani. Akiwa na wazo lake la roboti, akalijenga, likaanguka siku ya kwanza, dola hizo zitatoka wapi mara ya pili?

Wahandisi wa dunia wamelijibu swali hilo kwa programu za uigaji wa roboti. Ndani ya kompyuta inajengwa roboti isiyo na chuma wala mota, ikiwa na uzito wa kuhesabiwa, viungo vya kuhesabiwa na ardhi ya kuhesabiwa chini ya magurudumu yake. Inaanguka mara mia na hakuna kinachovunjika. Ni kazi ya fundi cherehani anayekata karatasi kwanza, kabla mkasi haujagusa kitambaa cha mteja.

Mazungumzo ya leo yanazihusu programu hizo: zilikotoka, zinavyofanya kazi, na hasa faida gani zinaweza kuleta hapa Naviundu, kartiye ya komini ya Annexe jijini Lubumbashi, yenye mto unaobeba jina hilohilo.

Zilianza na mahitaji ya viwanda vya magari. Mwaka 1961 roboti ya Unimate iliingia kazini katika kiwanda cha General Motors kule New Jersey, Marekani, na baada ya miaka michache mikono ya chuma ikawa inachomelea magari Ulaya, Japani na Amerika. Shida ilijitokeza pale mkono mmoja ulipohitaji kufundishwa kazi mpya. Ilibidi mstari wote wa uzalishaji usimame, fundi aushike mkono, auongoze hatua kwa hatua, na kila saa ya kusimama ilikuwa hasara. Katika miaka ya 1980 zikaja programu zilizomwezesha fundi kuchora kiwanda ndani ya kompyuta na kuzipanga hatua za mkono huko, ilhali kiwanda chenyewe kikiendelea kutoa magari. Kampuni ya ABB ilitoa yake, RobotStudio, mwaka 1998, na bado inatumika.

Vyuo vikuu vilikuwa na shida ya namna nyingine: wanafunzi wengi, roboti chache. Mwaka 1996, katika chuo cha EPFL mjini Lausanne, Uswisi, Olivier Michel alianza kuandika programu inayoitwa Webots. Miaka miwili baadaye ikawa na kampuni yake, Cyberbotics. Kwa muda mrefu ilikuwa ya kulipia. Desemba 2018 ikafunguliwa: mtu yeyote anaichukua bure, anausoma msimbo wake, anaubadilisha.

Nayo Gazebo ilianza mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Southern California, mikononi mwa Andrew Howard na mwanafunzi wake Nate Koenig. Walitaka dunia ya kompyuta yenye vilima, nyasi na mawe, maana programu walizokuwa nazo zilijua vyumba vyenye sakafu bapa tu. Mwaka 2009, kwenye kampuni ya Willow Garage, mhandisi John Hsu aliiunganisha na ROS, mfumo huria ambao leo unaendesha roboti za utafiti duniani kote. Tangu mwaka 2012 imekuwa ikilelewa na taasisi ya Open Source Robotics Foundation. Anayetaka kuitumia leo akumbuke jambo moja: Gazebo ya zamani iliachwa kuhudumiwa Januari 2025, na masomo mengi yanayopatikana kwenye intaneti bado yanafundisha ile iliyoachwa. Atafute maelezo ya Gazebo mpya, asije akapoteza mwezi mzima akigombana na amri zilizokwisha kufa.

Mtihani mkubwa wa kwanza wa Gazebo ulitokana na msiba. Mwaka 2011, baada ya tetemeko na tsunami kuharibu kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, ilionekana kwamba dunia haina roboti inayoweza kuingia mahali pale, kufungua mlango na kufunga vali. Shirika la utafiti la jeshi la Marekani, DARPA, likatangaza mashindano. Badala ya kumpa kila mshiriki roboti ya bei kubwa, Juni 2013 liliwashindanisha kwanza ndani ya kompyuta. Timu 26 za nchi mbalimbali zilipewa roboti ileile ya kuigwa, Atlas, ziiongoze kupita kwenye matope, kuendesha gari dogo na kuunganisha mpira wa maji kwenye bomba. Ilishinda timu ya taasisi ya IHMC kutoka Florida. Walioongoza wakapewa Atlas ya kweli ya kufanyia kazi. Kipaji kilipimwa kwanza, chuma kikafuata, na waliokuwa na kichwa bila fedha wakapata nafasi waliyostahili.

Sasa, ndani ya programu hizi kunatokea nini hasa?

Mhandisi huanza kwa kuieleza roboti yake kwa maandishi: ina sehemu ngapi, kila sehemu ina uzito gani na uzito huo umekaa upande gani, viungo vinapinda hadi wapi, mota zina nguvu kiasi gani. Kisha huieleza dunia itakamotembea: sakafu, mteremko, ukuta, jiwe, maji. Hapo injini ya fizikia inaanza hesabu zake. Kwa kawaida Gazebo hukokotoa upya hali ya kila kitu kwa kila milisekunde moja, yaani mara 1,000 katika sekunde moja ya dunia ile. Uzito unavuta kiasi gani? Gurudumu limegusa ardhi wapi? Msuguano umeshika au umeteleza? Vihisi navyo vinaigwa. Kamera inapewa picha ya kile ambacho ingekiona, na kihisi cha leza kinapewa umbali hadi ukutani. Programu inayoiongoza roboti haitambui kwamba iko ndani ya hesabu. Inapokea taarifa, inatoa amri, na siku itakapowekwa kwenye roboti ya kweli itatoa amri zilezile.

Ndege zisizo na rubani zinatengenezwa kwa njia hiyo pia. Mwaka 2018 ndege ndogo ya Kijerumani ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, kilomita 60 kwa dakika 40. Kijana anayetamani kujenga ya namna hiyo ana programu mbili huria za kuongozea ndege, PX4 na ArduPilot, na zote zinakuja na njia ya kuziendesha ndani ya kompyuta. Ataigongesha ndege yake mlimani mara nyingi apendavyo kabla ya kununua hata propela moja.

Lakini hesabu si ardhi, na hapa ndipo panapotaka uangalifu mkubwa. Roboti inayotembea vizuri kwenye kompyuta huenda ikalala chali mara tu inapowekwa chini. Mota ya kweli huchelewa kidogo kuitikia. Gurudumu huchakaa upande mmoja. Vumbi hukaa kwenye lenzi. Watafiti waliligundua pengo hilo mapema. Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, Nick Jakobi na wenzake walichukua roboti ndogo ya Khepera, ambayo unaweza kuibeba kiganjani, wakailea tabia yake kwenye kompyuta, kisha wakaihamishia kwenye roboti yenyewe. Wakaona kwamba kompyuta iliyo safi mno inadanganya. Ilibidi waingize makosa ya makusudi kwenye vihisi na mota za kuigwa, kwa kiasi kinachokaribia makosa ya Khepera ya kweli. Yakikosekana, roboti hujifunza kutegemea bahati ambayo duniani haipo. Yakizidi, tabia inayolelewa huharibika vilevile. Kiasi sahihi kilipatikana kwa kuipima roboti iliyokuwa mezani.

Jambo hilo halijapitwa na wakati. Mwaka 2018 kampuni ya OpenAI ilifundisha mkono wa roboti wenye vidole vitano kugeuza mchemraba kiganjani. Mafunzo yote yalifanyika ndani ya kompyuta, na kwa kutumia maelfu ya vichakataji kwa pamoja, uzoefu wa takriban miaka 100 ulikusanywa katika saa 50. Siri yao ilikuwa kuyumbisha kila kitu: uzito wa mchemraba, msuguano wa vidole, rangi na mwanga wa chumba, vyote vilibadilishwa ovyo kila mara, hadi dunia ya kweli ikawa badiliko moja tu kati ya mengi ambayo mkono ule ulikwisha kuyaona. Mwaka uliofuata mkono huo ukaweza kutatua mchemraba wa Rubik. Injini ya fizikia waliyoitumia inaitwa MuJoCo, kazi ya profesa Emo Todorov wa Chuo Kikuu cha Washington. Ilikuwa na leseni ya kulipia. DeepMind iliinunua Oktoba 2021, na Mei 2022 ikafunguliwa kwa watu wote.

Msikilizaji wa Katanga ana haki ya kuuliza: haya ya vidole na michemraba yanamhusu nini mtu ambaye riziki ya mji wake inatoka chini ya ardhi?

Yanamhusu sana. Tena Kongo haiko mbali na mambo haya. Katika mgodi wa dhahabu wa Kibali, mkoani Haut-Uélé, mashine za kuzoa mawe zinazunguka kina cha mita 750 hivi bila dereva. Mwendeshaji anakaa juu, kwenye chumba cha udhibiti, na mfumo wa kampuni ya Sandvik unaweza kuongoza hadi mashine tano kwa wakati mmoja katika njia moja ya uzalishaji, usiku na mchana. Sehemu hiyo ya mgodi ilianza kazi kamili mwaka 2018. Kwingineko Afrika, madereva wa malori makubwa na mashine za kuchoronga hufundishwa kwanza kwenye simuleta, na mojawapo ya kampuni zinazozitengeneza, ThoroughTec, iko Durban, Afrika Kusini. Dereva mpya anakutana na breki iliyokatika au moto kwenye injini akiwa amekaa kwenye kiti kisichokwenda popote. Anakosea, anaelezwa kosa, anarudia.

Kuna mfano mwingine ambao watu wa migodi wangepaswa kuujua vizuri. Kati ya mwaka 2018 na 2021, DARPA iliendesha mashindano ya roboti za chini ya ardhi, yakiwa na njia mbili: moja ya roboti za kweli, nyingine ya kompyuta peke yake, kwa kutumia Gazebo mpya. Agosti 2019 roboti za kweli ziliingia kwenye migodi ya utafiti karibu na Pittsburgh, kutafuta vitu vilivyofichwa gizani: mkoba, simu, sanamu ya mtu aliyekwama. Mawasiliano ya redio yalikatika baada ya kona chache, kama yanavyokatika katika mgodi wowote. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulizuia shindano la mapangoni lisifanyike mahali penyewe. Lile la kompyuta likaendelea Novemba bila mtu kupanda ndege. Fainali ilifanyika Septemba 2021 ndani ya mgodi wa zamani wa mawe ya chokaa mjini Louisville, Kentucky. Timu ya CERBERUS ilishinda dola milioni 2 kwa roboti zake za kweli, na timu ya Dynamo ikapata dola 750,000 kwa roboti ambazo hazikuwahi kushikwa na mkono wa mtu.

Kwa nini jambo hili liguse moyo wa mtu wa huku? Tarehe 27 Juni 2019, majuma machache kabla ya roboti zile kuingia migodini Pittsburgh, ngazi za mgodi wa KOV karibu na Kolwezi ziliporomoka juu ya wachimbaji wa mkono. Watu wasiopungua 36 walikufa. Waliokuwa na ndugu pale hawakuwa na chombo cha kupeleka ndani ya udongo ule kutazama kama kuna anayepumua. Hakuna anayeweza kusema kwamba roboti ingewaokoa. Lakini roboti za kazi hiyo zinabuniwa sasa, mafunzo yao yanafanyika kwenye dunia za kompyuta, na dunia hizo zimechorwa kwa kufuata makaa ya Pennsylvania na chokaa ya Kentucky. Udongo mwekundu wa Katanga haumo. Mashimo ya wachimbaji wa mkono, membamba, yasiyo na ramani wala nguzo, hayamo. Roboti itakayofundishwa kule itafika hapa ikiwa mgeni.

Na hilo ndilo linalohitaji kusemwa kwa nguvu. Programu zenyewe zimekwisha kuandikwa na ni za bure. Kinachokosekana ni vipimo vya kwetu.

Naviundu ni mahali pazuri pa kuanzia. Ardhi hii imewahi kuwa mbele. Karibu na chemchemi za Naviundu wataalamu wa mambo ya kale walipata ushahidi wa shaba iliyoyeyushwa katika karne ya 4, miongoni mwa tarehe za zamani zaidi zinazojulikana za uyeyushaji wa shaba katika ukanda huu. Kampuni ya madini ya Union Minière ilikuja miaka zaidi ya 1,500 baadaye. Watu wale walijua joto la tanuri na tabia ya jiwe kwa kupima, kukosea na kupima tena, bila kitabu cha mtu mwingine.

Leo mto Naviundu una shida inayojulikana. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa kisayansi kuhusu metali zilizochafua tope la bonde la mto huo, pamoja na mito ya Luano na Ruashi na chemchemi ya Luwowoshi. Ili kupata sampuli, mtu analazimika kuingia au kuinama kwenye maji yaleyale anayoyatilia shaka, mahali pengi, mara nyingi kwa mwaka, maana maji ya mvua ya Januari si maji ya kiangazi ya Agosti. Hii ni kazi inayofaa chombo kidogo kinachoelea, chenye mota mbili, kihisi cha asidi ya maji na chupa za kuchukulia sampuli. Kiende, kisimame, kichote, kirudi.

Chombo cha namna hiyo kinaweza kuigwa kabla ya kujengwa. Mwaka 2019 yalifanyika mashindano ya Virtual RobotX, yaliyotumia programu iliyotengenezwa na Open Robotics pamoja na chuo cha wanamaji cha Monterey, California, na kwa ajili yake Gazebo imefundishwa maji: mawimbi, upepo, chombo kinavyosukumwa upande. Msimbo wake uko wazi. Mwanafunzi wa Lubumbashi anaweza kuuchukua, akaiondoa bahari ile na kuweka mto wake.

Ila mto wake anaujua kwa namba? Upana wake kwenye daraja ni mita ngapi? Kina ni kiasi gani mwezi wa Februari, na mwezi wa Septemba? Mkondo unakwenda kwa kasi gani? Mambo haya hayahitaji mashine ya gharama. Kipande cha mti kinachoelea, kamba ya mita 10 na saa ya simu vinatosha kupima kasi ya maji. Fito iliyotiwa alama inapima kina. Vijana wanne wenye daftari, wakienda mtoni kila mwezi kwa mwaka mmoja, wakiwa na mabuti na glavu, watakuwa wamejenga kitu ambacho hakuna maabara ya Zurich wala California inacho: mto Naviundu wa kompyuta, wenye majira yake. Takataka za plastiki ziwekwe humo pia, na magugu, na tope linalomeza propela. Hapo mtihani utakuwa wa haki.

Kuhusu vifaa, ni vizuri kusema wazi, kwa sababu vijana wengi hukatishwa tamaa na matangazo. Isaac Sim ya NVIDIA inatoa picha za kuvutia mno, lakini inadai kadi ya picha ya aina ya RTX, na bei yake inaweza kulisha familia miezi mingi. Isiwe mwanzo wa mtu asiye na fedha. MuJoCo hufanya kazi kwenye kichakataji cha kawaida cha kompyuta. Webots inakubali Windows na Linux na ni nyepesi kwa anayeanza. Gazebo hupenda Ubuntu, na mtu akipunguza vivuli na picha nzuri, kompyuta ya mkononi ya mtumba yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 itamtosha kwa kazi ya chombo kimoja na mto mmoja. Dunia itakwenda polepole kuliko saa ya ukutani. Haina neno, hesabu itabaki ileile.

Umeme ni habari nyingine. Kila mkazi wa Lubumbashi anajua maana ya shirika la umeme, SNEL, kukata moto jioni, na migodi yenyewe hununua umeme kutoka Zambia kuziba pengo. Kwa hiyo chumba cha uigaji kisichokuwa na paneli za jua na betri kitakuwa chumba cha viti. Kompyuta ya mkononi, kwa bahati, haili umeme mwingi: kwa kawaida huwa chini ya balbu moja ya zamani. Roboti za Kinshasa zilionyesha zaidi ya miaka kumi iliyopita kwamba jua la Kongo linaweza kuendesha kazi ya namna hii. Na intaneti itahitajika mara moja tu, siku ya kupakua programu pamoja na modeli zake. Baada ya hapo programu hizi hufanya kazi bila mtandao, na kijana mmoja aliyepakua anaweza kuwagawia wenzake kwa flashi.

Ugumu uliobaki ni wa lugha. Maelezo ya programu yako kwa Kiingereza, chuo kinafundisha kwa Kifaransa, nyumbani na mtaani ni Kiswahili. Mwanafunzi anavuka mito mitatu kabla ya kufika kwenye hesabu. Walimu wanaojua programu hizi wakirekodi masomo mafupi kwa Kiswahili cha Lubumbashi, dakika kumi kumi, watafungua mlango kwa watoto wa ufundi ambao hawatafika chuo kikuu, na ambao mikono yao huenda ndiyo itakayojenga chombo chenyewe.

Maana mwishoni lazima kijengwe. Uigaji usiozaa chuma ni mchezo wa kompyuta. Mwaka 2012 mtandao wa roboti wa Afrika, AFRON, ulioanzishwa na Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi, Ghana, pamoja na Ken Goldberg wa Berkeley, ulishindanisha wabunifu watengeneze roboti ya kufundishia yenye gharama ya dola 10. Mmoja wa washindi alitengeneza yake kwa rimoti ya michezo ya video, na pipi mbili za kijiti zikawa uzito wa kuisawazisha. Gharama: dola 8.96. Kati ya dola 27,500 na dola 8.96 kuna nafasi kubwa sana ya mtu kuanza.

Wa kulianzisha jambo hili wapo. Lubumbashi ina Chuo Kikuu chake, UNILU, chenye kitivo cha Polytechnique. Ina shule ya juu ya kompyuta ya Salama. Ina mafundi wa kuchomelea, wa kufunga mota, wa kufufua simu zilizokufa. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na shaba, ambayo Katanga inaichimba, imo kwenye nyaya za mota za roboti kote zinakojengwa. Kisha kuna sheria. Kanuni ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inazitaka kampuni za uchimbaji zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi, na fedha hizo husimamiwa na chombo ambacho wawakilishi wa jamii ni wajumbe wake. Barabara, visima na zahanati ni lazima zitangulie. Lakini chumba kimoja chenye kompyuta kumi za mtumba, paneli za jua na mwalimu mmoja ni tone katika fedha hizo, na hakuna sheria inayozuia jamii kukiomba.

Basi wajumbe wa vyombo hivyo, walimu wa Polytechnique na wa Salama, na wazazi wa komini ya Annexe, ombi ni hili: chumba hicho kiwekwe kwenye orodha ya mwaka ujao, kwa maandishi, na bei yake ionyeshwe. Na vijana wa Naviundu wasikingojee. Mvua zinakuja, maji yatapanda. Fito, kamba na daftari havihitaji umeme, na kipimo cha kwanza cha mto kinaweza kuchukuliwa Jumamosi hii.